Alamouti juu ya OFDM, Mkokotoni–Tumbatu: makosa hayashuki

mkokoto_rf
Assalam alaykum wakuu. Kiungo changu cha redio, Mkokotoni (Unguja) hadi kisiwa cha Tumbatu, kinavuka maji matupu, kilomita 3 hivi, gigahezi 5.8, antena mita 12 juu ya usawa wa kati wa bahari pande zote. OFDM (data inagawanywa kwenye masafa madogo mengi, yaani vibebaji) ya vibebaji 64 ndani ya megahezi 20, kinga ya mbele (nakala ya mwisho wa alama inayowekwa mwanzoni mwake, kukinga mwangwi) mikrosekunde 0.8. Antena mbili za kurusha ziko ubavu kwa ubavu, Alamouti (mbinu ya kurusha data ileile kwa antena mbili kwa mpangilio maalumu) kwenye vibebaji jirani. Maji yakifika nusu siginali inazama. Tena hata ikiwa nzuri, makosa ya data yanagoma kushuka, nguvu iongezwe vipi. Kinga imepelekwa 1.6, wapi!

bamvua
Kinga irudishe. Mwangwi wa bahari (siginali inayodunda majini) unazidi njia kuu kwa sentimita 10 tu (2 × 12 × 12 ÷ 3000), na 0.8 inavumilia mita 240. Ubaya ndio huo: mwangwi mfupi hivyo unazamisha vibebaji vyote 64 kwa pamoja, OFDM peke yake haikufai kitu. Bahari inageuza fezi (hatua ya wimbi katika mzunguko wake) nusu duara, basi shimo, pale siginali inapozama, linakuja tofauti ya njia ikitimia mawimbi kamili ya redio. Mawili ni sentimita 10.3, yaani kimo cha antena mita 12.5 juu ya maji, maji nusu mita chini ya usawa wa kati. Kila yakijaa na kupwa yanapita hapo. Antena za kimo kimoja zinaingia shimoni pamoja. Teremsha moja mita 3.2 (0.052 × 3000 ÷ 48, 0.052 ikiwa urefu wa wimbi kwa mita), tofauti yake ya njia ipungue nusu wimbi, moja ikiwa shimoni nyingine isiwemo.

fft_na_karafuu
Hayo makosa yanayogoma ni jambo jingine. Jozi ya Alamouti (kibebaji cha kwanza antena zinarusha s1 na s2, cha pili −s2* na s1*; s1 na s2 ni data, nyota ni kugeuza fezi yake kinyume) inataka njia ileile kwa vibebaji vyote viwili. Tazama dirisha la FFT (kipande cha siginali kinachokatwa kwa hesabu ya kutenganisha vibebaji) linaanzia wapi. Likianza sampuli 8 ndani ya kinga, alama (fungu moja la vibebaji vyote 64) haiharibiki, ila fezi inageuka nyuzi 45 kila kibebaji, s1 inavujia s2, na uvujaji unakua sambamba na nguvu. Geuza fezi kinyume kabla ya kuunganisha jozi. Kupanga jozi kwa wakati, kwenye alama mbili zinazofuatana, pia kunafaa, minara haitembei. Lakini tofauti ya masafa ya hezi 10,000 kati ya mrushaji na mpokeaji isiporekebishwa ni nyuzi 14 kila alama ya mikrosekunde 4.

mkokoto_rf
Dirisha limekutwa sampuli 6 ndani! Na alama za kupimia njia (zinazojulikana mapema na mpokeaji), antena zote zirushe pamoja?

fft_na_karafuu
La, utapima jumla yao tu. Kibebaji cha kupimia kikitumiwa na antena ya juu, ya chini inyamaze.