Watetezi wa watoto shuleni, Mwanza na visiwani: tupeane uzoefu

Mama Kulwa wa Igombe
Kuna mtu kaandika kwenye kundi letu la watetezi, sisi tunaofuatilia watoto warudi shule, kwamba dawa ya mtoto mtoro ni kukaa na mzazi mkaongea. Muongee nini, hujafungua hata daftari la mahudhurio? Anzia hapo. Muombe mwalimu wa darasa akuoneshe miezi mitatu, nakili tarehe ambazo mtoto hakuwepo, kisha angalia mwezi mpevu uliangukia lini. Mtoto wa mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia, anayepotea wiki mbili, halafu anahudhuria vizuri siku nane au kumi za shule, halafu anapotea tena, huyo yuko kwenye dagaa. Wakati wa giza taa zinaingia ziwani, alfajiri mitumbwi inarudi, mzigo unatakiwa uanikwe mapema na ugeuzwe. Mbalamwezi ikija wavuvi wanapumzika, naye anarudi darasani. Hapo sasa una cha kuongea na mzazi. Haya, leteni na ya kwenu.

Ngosha Mwaloni
Kweli tupu. Masika ndiyo balaa: hawakauki, kuanika na kuanua kunaenda mpaka jioni.

Mwalimu Mstaafu
Naongeza, mama. Hilo daftari huoneshwi kwa sura yako nzuri. Chukua barua ya mtendaji wa mtaa au afisa ustawi wa jamii inayotaja jina la mtoto na jina lako, ipelekee ofisi ya mwalimu mkuu kabla ya kumgusa mwalimu wa darasa. Marekani watetezi wa namna hii, CASA, walianzia Seattle mwaka 1977 kwa wazo la Jaji David Soukup. Kule jaji anakuteua, na amri ya mahakama inakufungulia jalada la mtoto. Huku silaha yako ni muhuri wa mtendaji.

Kijana wa Buhongwa
Wakuu mnazunguka mno. Sare, viatu, daftari, mtoto anarudi shule. Ada ilishafutwa tangu 2016.

Dada Igogo
Ada imefutwa, njaa haijafutwa. Sare mpya yenye mikunjo ya dukani inauzika siku hiyohiyo. Ifue kwanza, kata lebo, andika jina ndani ya kola kwa kalamu ya wino usiofutika. Sketi nunua yenye pindo la kama sentimita tano, itateremshwa mwakani.

Kijana wa Buhongwa
Kwa hiyo wazazi maskini ni wezi?

Dada Igogo
Wapi nimeandika wizi? Soma tena, kaka.

Nahodha Mstaarabu
Mkimaliza kugombania sketi, kuna kisa hiki kwa wale wa visiwani.

Mvulana wa darasa la saba, mwezi Agosti, hayupo. Bibi anasema kaenda kumsalimia mjomba. Ndani sare ipo, begi lipo, kandambili hazipo na blanketi halipo. Mtoto anayekwenda kusalimia habebi blanketi. Hiyo ni kambi ya dagaa.

Kambi zinahama, kwa hiyo usikurupuke kupanda mtumbwi ukaanza kuuliza kisiwa kwa kisiwa. Nenda Mwaloni Kirumba asubuhi mzigo unaposhuka, uliza tajiri wa mjomba, yaani mwenye mitumbwi, ni nani na mitumbwi yake iko upande gani. Wapokea mzigo wanajua yote hayo. Ukishapata kisiwa, tafuta namba ya mwenyekiti wa BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, wa mwalo ule, maana yeye anazijua injini na watu wake.

Sasa palipokwama. Mtoto alipatikana kwa simu siku moja tu, lakini nahodha akagoma kumwachia. Mjomba alishachukua fedha ya msimu kwa tajiri, akala, kisha akamweka mtoto afanye kazi badala yake. Zikabaki siku sita mtihani ufanyike, upepo wa kusi umekaza, na kule kambini kila mtu anasema deni ni deni. Watetezi wengi hapo huanza kuchangisha walipe. Ukilipa, msimu ujao watachukuliwa wanne. Kilichomtoa ni karatasi moja: afisa ustawi aliandika kwamba deni ni la mtu mzima aliyekopa, na kwamba Sheria ya Mtoto ya 2009 hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi ya hatari. Mtendaji wa kijiji akagonga muhuri, BMU wakampelekea tajiri mwenyewe, nahodha wakamruka. Tajiri ana leseni ya kulinda, nahodha hana. Mtoto alirudi na boti ya mzigo, juu ya magunia, kavaa jaketi la kuokolea la mtu mzima lililofungwa kwa kamba ya nyavu.

Ngosha Mwaloni
Duh. Mjomba alikamatwa?

Mkerewe Asilia
Alifaulu?

Nahodha Mstaarabu
Alifanya mtihani kwenye shule aliyosajiliwa. Mengine ni ya familia.

Kijana wa Buhongwa
Mimi ningeanza na polisi siku ya kwanza. Au 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure.

Mkerewe Asilia
Polisi wakitangulia, kambi inahama usiku na mtoto ndani yake. BMU kwanza.

Dada Igogo
Inategemea. Kama ni kupigwa au kubakwa, usipitie kwa mwenyekiti yeyote. Hospitali na dawati la jinsia na watoto la polisi saa hiyohiyo. Dawa ya kukinga VVU ina kikomo cha saa 72, na kila saa inayopita inaipunguzia nguvu. Asioge, nguo ziwekwe kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa plastiki unatunza unyevu, ushahidi unaoza.

Mwalimu Mstaafu
Turudi darasani. Wengi wanasahau namba ya PREM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa Baraza la Mitihani. Mtoto akihamishwa na bibi kutoka Sengerema kuja Ilemela bila uhamisho kufanyika kwenye mfumo, anakaa darasani kama mgeni, na usajili wa mtihani ukifika hayumo. Shule mbili lazima ziwasiliane. Soma pia jina herufi kwa herufi, kwenye PREM na kwenye cheti cha kuzaliwa. Masanja huku, Masanza kule, hapo tayari una kazi.

Mama Kulwa wa Igombe
Na aliyefika miaka 12 hajawahi kusoma, asikalishwe na wa miaka sita, atatoroka kwa aibu. Uliza MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa watoto walioikosa: kundi la kwanza ni miaka 11 hadi 13, la pili 14 hadi 18. Muulize Afisa Elimu Kata kama kituo kinafundisha kweli au kimebaki kibao tu.

Muuguzi wa Zamu
Mtoto anayesinzia na kulalamika tumbo, huku kwetu fikirieni kichocho kabla ya uvivu. Siku ya dawa shuleni praziquantel, dawa ya kichocho, inapimwa kwa urefu: sentimita 110 hadi 124 kidonge kimoja na nusu, 125 hadi 137 viwili. Shida ni tumbo tupu. Asiyekula anatapika, kichwa kinamzunguka, mtaa mzima unasikia watoto wamelishwa sumu, kesho darasa nusu. Wako mpe chai na maandazi mawili kabla hajatoka.

Ngosha Mwaloni
Maandazi ya mtetezi yako fungu gani?

Mkerewe Asilia
Jamani, binti aliyejifungua anataka kurudi, mkuu wa shule anasema nafasi zimejaa.

Dada Igogo
Waraka wa Wizara ya Elimu wa Novemba 2021 unamruhusu. Muombe mkuu akatae kwa maandishi.

Mwalimu Mstaafu
Ombi lenu nalo liwe la maandishi, nakala kwa Afisa Elimu Kata. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe.