Ukumbi wa mjini, darasa la bure au kikao cha hewani: klabu yetu ya redio ya ridhaa ikutane wapi?

MawimbiYaZiwa
Habari za jioni, wanajukwaa. Klabu yetu ndogo ya redio ya ridhaa (watu wanaowasiliana kwa redio kwa kupenda, si kwa biashara) hapa Mwanza inatakiwa kuamua utaratibu wa vikao vyake, na mwenye ukumbi anataka malipo ya miezi sita kabla ya mwisho wa mwezi huu, la sivyo atawapa watu wengine. Chaguo la kwanza ni huo ukumbi wa hoteli katikati ya mji, shilingi 60,000 kwa kikao, tukutane mara moja kwa mwezi. La pili ni darasa la shule moja upande wa Nyegezi, ambalo tumepewa bure. La tatu ni kufanya kikao cha hewani kila wiki, kila mtu akiwa kwake na redio yake, kwenye VHF (masafa ya juu sana, ya mawasiliano ya karibu), na kukutana ana kwa ana mara moja tu kila baada ya miezi mitatu. Mimi naelekea kwenye ukumbi, kwa sababu klabu isiyo na mahali pa kuonekana haipati wanachama wapya. Naomba ushauri wa wenye uzoefu.

FundiNyakato
Ndugu, umeuliza bei kabla ya kueleza mnanunua nini. Mko wangapi? Wenye leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ni wangapi kati yenu? Wanachama wanatoka wapi, na kikao ni siku gani? Muhimu kuliko yote: mnaruhusiwa kufunga antena mahali hapo? Klabu ya redio ikikutana mahali ambapo redio haiwezi kuwashwa, baada ya muda itabaki kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita na kuchangishana ada.

DadaIlemela
Naongeza maswali mawili ambayo wanaume huwa hawayaulizi. Kikao kinaisha saa ngapi, na kutoka hapo hadi kituo cha daladala pana mwendo gani? Niliwahi kuacha klabu nyingine niliyoipenda, si kwa sababu nyingine yoyote, ila vikao vilivutwa hadi saa mbili usiku na njia ya kutokea haikuwa na taa.

MawimbiYaZiwa
Ahsanteni. Tuko 14, na wenye leseni ni watano. Waliobaki ni wanafunzi, mafundi wa simu na mwalimu mmoja wanaojiandaa kuomba. Wawili wanaishi Ukerewe, mmoja Sengerema. Tumefikiria Jumamosi saa nane mchana hadi saa kumi na moja. Hoteli imekataa antena juu ya paa, ila imesema tunaweza kuweka ya muda uani. Shuleni pana uwanja wa mpira na miembe miwili mikubwa, na mkuu wa shule hana pingamizi.

KijanaIgoma
Jumamosi ndiyo inayonitatiza. Sisi Wasabato hatuji, na kanda hii tupo wengi. Ukisema Jumapili asubuhi, unawafungia nje wengine. Jumapili saa tisa alasiri ndiyo saa pekee ambayo nimeona watu wa makanisa yote wakiafikiana.

DagaaMwaloni
Nami niseme jambo la kazi yetu. Wanachama mnaotaka kuwapata kutoka mialoni hawahesabu siku kwa wiki, wanahesabu kwa mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hupumzika, hutengeneza nyavu na kwenda kusalimia nyumbani. Mkipanga kikao cha ana kwa ana katika siku hizo, mtaona watu wa Kirumba na wa visiwani wakija wenyewe. Mkipanga Jumapili ya kwanza ya kila mwezi wa kalenda, mara nyingine itaangukia giza nene, na hapo msimtarajie mtu wa mtumbwi.

MzeeWaMusoma
Mwanangu MawimbiYaZiwa, kabla hujatoa fedha yoyote, soma haya hadi mwisho.

Zamani nilikuwa katika klabu ya mji mwingine wa kanda hii. Tulilipia ukumbi miezi sita kwa mkupuo, kama unavyotaka kufanya wewe, tukapewa risiti yenye mhuri. Kikao cha kwanza kilikwenda vizuri. Cha pili tulifika tukakuta mapambo ya sendofu yanafungwa, vitambaa vya dhahabu vimezunguka nguzo zote, na meneja akatuomba tukae nyuma, kwenye stoo ya viti. Tukajibana humo, viti vya plastiki vimepangwa hadi karibu na dari, mwenyekiti akisoma ajenda kwa kupaza sauti kwa kuwa nje walikuwa wanajaribu spika. Mwenzetu mmoja wa visiwani alikuwa amekuja na redio yake ya HF, yaani ya mawimbi mafupi yanayofika mbali, ameiviringisha kwenye kitenge ndani ya sanduku la bati, ili awaonyeshe vijana namna ya kuita kituo cha mbali. Tulipitisha waya dirishani, tukaufunga kwenye mti, na kwa dakika chache tulisikia vizuri kituo kimoja cha Kenya, kile kiambishi cha 5Z kinachoanza majina ya vituo vya huko kikitajwa polepole, na kijana mmoja akaanza kuandika. Kisha wenye shughuli wakawasha jenereta. Spika ikajaa mvumo mmoja mzito kutoka mwanzo wa bendi hadi mwisho wake, na hapakuwa tena na cha kusikiliza. Yule ndugu akazima redio, akaikunja katika kitenge chake, akaaga ili awahi boti. Hatukumwona tena kwenye kikao chochote.

Tulipodai ukumbi wetu au fedha zetu, tuliambiwa kwamba risiti haikutaja chumba wala saa, na kwamba mahali pa kukaa tulipewa. Ilikuwa kweli: haikutaja. Kufikia mwezi wa nne tulibaki watu wanne. Kwa hiyo kama ni lazima uende hotelini, lipa kwa kila kikao, na karatasi itaje chumba, saa ya kuanza na kumaliza, na ruhusa ya kutandika antena uani. Mwenye ukumbi asiyekubali kuandika hayo amekwisha kukujibu.

MawimbiYaZiwa
Shikamoo mzee. Nimekuelewa. Nitamwomba aandike, nione atasema nini. Lakini tukumbuke pia kwamba Nyegezi ni mbali kwa mtu wa Igoma au Kisesa, na nauli ya kwenda na kurudi kila mwezi kwa mwanafunzi si jambo dogo.

MwanafunziNyegezi
Wanafunzi wengi wa eneo hili tunakaa huku huku Nyegezi na Malimbe, kwa hiyo nauli hiyo inategemea unamfikiria mwanafunzi yupi. Kwenye uwanja wa mpira tunaweza kufanya mambo ambayo hotelini hayawezekani, kwa mfano kusikiliza kituo cha anga cha kimataifa kinapopita. Hushuka na sauti kwenye megahezi 145.800, na kikiwa na matangazo redio koli ya kawaida yenye antena ndogo inatosha kukisikia, mradi anga iwe wazi pande zote. Kusikiliza peke yake si kurusha matangazo, na ndivyo mgeni anavyovutwa.

MwalimuNansio
Sisi wa Ukerewe tumetajwa kwa idadi tu, nami naomba tusikilizwe. Kuja Mwanza kwa kikao cha muda wa saa tatu ni safari ya meli, na mara nyingi ni kulala. Ndiyo maana naunga mkono kikao cha hewani cha kila wiki, saa mbili usiku, chenye msimamizi anayeita majina kwa utaratibu, kila mtu atoe taarifa fupi na kupisha mwingine. Watu wa huku hatujasahau 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara na zaidi ya watu 200 wakapoteza maisha. Sidai kwamba redio ya ridhaa ingelizuia jambo lile. Ninachosema ni kwamba kutuma taarifa fupi na sahihi, yenye mahali, saa na idadi, bila kuingiliana, ni ujuzi unaojengwa kwa mazoezi ya kila wiki, na kikao kimoja cha mwezi chenye soda na sambusa hakiujengi.

FundiNyakato
Mwalimu, nakuheshimu, lakini tusiwaahidi watu kisichowezekana. VHF husafiri karibu na mstari ulionyooka. Chukua urefu wa antena juu ya usawa wa maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12, utapata kilomita hadi upeo wa redio. Antena iliyo mita 100 juu ya ziwa inafika takribani kilomita 41. Mtu aliyesimama ufukweni na redio koli, antena ikiwa mita 1.5 juu ya maji, anafika kilomita tano tu. Jumlisha, ni 46, na Nansio iko karibu umbali huohuo kutoka mjini. Maana yake ni kwamba bila ripita (mtambo unaopokea mawimbi na kuyarusha upya) juu ya kilima, au angalau antena nzuri kwenye mlingoti huko kwenu, utasikia siku moja na kukosa siku tatu. Na mwenye redio nyumba ya bondeni, kwa mfano Mabatini, hata mjini kwenyewe atazibwa na vilima na mawe yetu haya.

MwalimuNansio
Hesabu yako ni sahihi, na ndiyo inayonitetea. Mlingoti wa mita tisa juu ya maji unanipa kilomita 12 badala ya tano. Mianzi ipo, bomba lipo. Kilichokosekana ni mtu wa upande wa Mwanza aliye juu kilimani ambaye atakubali kuwa msimamizi kila wiki bila kukosa. Je, kati ya hao watano wenye leseni, nani anaishi juu?

MzeeWaMusoma
Kwa nini mnang'ang'ania VHF? Bendi ya mita 40, kati ya megahezi 7.0 na 7.2, mchana inatufunga sote wa kandokando ya ziwa. Tandika dipoli, ile antena ya waya inayolishwa katikati, ya takribani mita 20, si juu sana, mita tano zinatosha, nayo itarusha mawimbi karibu wima, yagonge anga ya juu na kurudi chini kama mvua, pande zote. Musoma, Bukoba, Geita, wote tunasikilizana, na vilima havina habari. Kisha vijana wajifunze Morse, ule ujumbe wa nukta na vistari, nusu saa ya mwanzo ya kila kikao. Wati tano za Morse hufika mahali ambapo sauti ya wati mia inapotea.

MwanafunziNyegezi
Mzee, kwa heshima zote, sharti la Morse liliondolewa kimataifa tangu mkutano wa 2003 wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, kila nchi ikaachiwa iamue yenyewe. Nusu saa ya lazima ya Morse itawakimbiza wageni kabla hawajagusa redio. Ifundishwe kwa wanaotaka, baada ya kikao.

MzeeWaMusoma
Sikusema sharti la leseni, nimesema sharti la klabu. Kijana aliyejifunza kusikiliza Morse katikati ya kelele husikiliza vizuri kila kitu kingine. Na redio ya HF ni ghali, hilo nalikubali, ndiyo maana klabu inapaswa kuwa na moja ya pamoja badala ya kumlipa mwenye hoteli. Shilingi 60,000 mara sita ni 360,000. Hesabuni kebo ya koaksi, plagi zake na betri mnavyoweza kupata kwa fedha hiyo.

DadaIlemela
Hoja ya mzee kuhusu fedha ndiyo nzito kuliko zote zilizotolewa hapa. Lakini narudia: redio ya pamoja itakaa kwa nani? Ikikaa shuleni, nani ana ufunguo wakati wa likizo? Ikikaa kwa mwenyekiti, baada ya mwaka itakuwa ya mwenyekiti. Liandikwe kwenye katiba ya klabu kabla ya kununuliwa hata fyuzi. Na asiye na leseni asishike kitufe cha kurushia kwa sababu tu redio ni ya klabu.

KijanaIgoma
Na radi je? Ziwa hili lina radi nyingi sana, hasa usiku, na miembe miwili katikati ya uwanja wazi ndiyo inayoonekana kwanza. Antena ikiachwa imefungwa darasani, siku moja mtaharibu redio na mali ya shule, na hapo bure itakuwa imekwisha.

FundiNyakato
Sahihi kabisa. Msiache waya juu baada ya kikao. Tandikeni mnapoanza, shusheni mnapomaliza, hiyo yenyewe ni mafunzo. Mkitaka ya kudumu, ethi rodi (fimbo ya chuma ya kupeleka umeme ardhini) ichimbiwe nje ya ukuta pale kebo inapoingilia na iunganishwe na ethi ya jengo, na kebo ichomolewe na kuachwa nje kila mnapoondoka. Waya wa ethi uende moja kwa moja, usikunjwekunjwe kwa sababu ya kupendezesha ukuta.

MawimbiYaZiwa
Nimerudi. Mwenye ukumbi amekubali kutaja chumba na saa, lakini amekataa kulipwa kwa kikao, na kuhusu antena uani anasema "tutaona". Kwa upande wa siku, nimewauliza wenzangu kuhusu Jumapili saa tisa, wanane wamekubali, wawili hawawezi, wengine hawajajibu. Wa Ukerewe wamesema watakuja wakati wa mbalamwezi kama DagaaMwaloni alivyoeleza, mradi kikao cha hewani kianze sasa. Kati ya wenye leseni, anayeishi juu ni mmoja, yuko mlimani upande wa Nyamagana, ila kazi yake ni ya zamu na hawezi kuahidi kila wiki. Bado napenda ukumbi kwa sababu ya wageni, siwezi kuficha.

MwalimuNansio
Basi usimamizi uwe wa zamu pia. Wiki asipokuwapo, nitasimamia mimi kutoka huku, na atakayenisikia awapokeze wengine.

FundiNyakato
Kabla hamjaamua kuhusu darasa: hujasema lina umeme wa namna gani. Kama ni wa sola, kontrola yake, kile kifaa cha kusimamia chaji ya betri, ni ya aina gani? Baadhi ya zile za bei nafuu hutoa kelele kwenye HF sawa na jenereta ya mzee. Nenda na redio ndogo yenye mawimbi mafupi, isikilize karibu na saba megahezi taa zikiwa zimewashwa, kisha zikiwa zimezimwa, halafu utuandikie tofauti uliyoisikia.

MawimbiYaZiwa
Ni wa sola. Kontrola sijaiona, iko katika ofisi ya mkuu wa shule. Nitakwenda Jumatatu.