Zaburi gani ya kusoma usiku usingizi ukikataa?

Mama Dagaa, Kibirizi:
Wapendwa, arobaini ya mume wangu imepita, ila usiku nikisikia injini za mitumbwi ya dagaa ziwani, usingizi unaisha. Kanisani wananiambia nisome Zaburi 23. Nimeisoma mpaka ukurasa umechakaa. Kwa sasa hainiingii. Kuna mahali kwenye Agano la Kale mtu analia na hakemewi?

Mzee wa Ujiji:
Pole sana mwanangu. Soma Zaburi 88. Neno lake la mwisho kwa Kiebrania ni giza. Hakuna sifa mwishoni, na bado waliiweka kitabuni. Nilipofiwa na mama yenu, ndiyo iliyonivusha.

Kijana wa Mwanga:
Pole dada. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku 7 bila neno. Walipofungua midomo ndipo wakaharibu! (Wa kwetu hata dakika 7 hawawezi.)

Mama Dagaa:
Umenichekesha, kaka. Mzee, Maombolezo je? Nianzie sura ya 3?

Mzee wa Ujiji:
Anzia ya 1, palipoandikwa kwamba Yerusalemu, mji unaolia kama mjane, hana wa kumfariji. Ukiiruka hiyo, tumaini la sura ya 3 utalisikia kama salamu za msibani.