Kibao cha Ankrom, na stika zinazobanduka kona

Msomi_wa_Vibao:
Wakuu, salaam. Naandaa maonyesho ya sanaa ya mtaani inayotumia alama za barabarani, na nimekwama mahali pawili. Msanii Richard Ankrom alipachika nembo ya barabara kuu namba 5 kwenye kibao cha maelekezo kilicho juu ya barabara kuu ya 110 pale Los Angeles, Marekani, Agosti 2001, na kwa miezi tisa wenye barabara hawakushtuka. Aliwezaje? La pili, najaribu stika za mtindo wa Clet Abraham, msanii wa Florence, Italia, anayebandika stika kwenye alama za barabarani, kwenye kibao chakavu: zinatoa mapovu na kona zinanyanyuka.

Fundi Rangi:
Ankrom hakubahatisha. Alifuata vipimo vilevile vya idara ya barabara ya California, Caltrans: bati la alumini, umbo la ngao, aina ya herufi. Rangi aliilinganisha na ile ya vibao vilivyopo, akaweka hata vile vifungo vya kuakisi mwanga. Kisha akapulizia ukungu mwembamba wa rangi ya kijivu, maana bati jipya katikati ya kibao kilichopigwa jua na moshi miaka mingi lingejifichua lenyewe. Wengi wanaomwiga huisahau hatua hiyo. Jina lake aliliandika nyuma. Siku ya kazi alivaa kofia ngumu na rifleksa kama fundi yeyote wa barabara, akamaliza chini ya nusu saa mchana kweupe.

Ila kilichokilinda kibao ni kwamba kilisema kweli. Njia ya kwenda 5 kaskazini hutokea kushoto, na madereva walikuwa wakiijua wamechelewa. Habari zilipotoka Mei 2002, Caltrans walikikagua wakakiacha. Kilikaa hadi 2009, na kibao kipya kilichokuja kikabaki na namba 5.

Mama Stika:
Ndugu, kona kunyanyuka mara nyingi ni aina ya vinili, ile plastiki nyembamba ya stika. Ile ya bei nafuu hutengenezwa kwa kubanwa na kuvutwa kwenye rola, kwa hiyo ikipata joto la jua inataka kurudi ilikotoka: inasinyaa, gundi inabaki wazi pembeni na vumbi linaingia. Tafuta ile ya kumiminwa, ya unene wa maikroni 50 hivi. Kona zote zizungushe kwa milimita 3 hadi 5. Kona kali ndiyo huanza kubanduka.

Mapovu yanatokana na mafuta na vumbi. Osha kwa sabuni, kausha, pangusa kwa spiriti, subiri ikauke kabisa. Anza kubandika katikati, sukuma hewa nje kwa kipanguo cha raba. Kipande kikubwa kinyunyizie maji, lita moja na matone mawili matatu ya sabuni, upate nafasi ya kukisogeza. Usikiguse kwa saa 24.

Msomi_wa_Vibao:
Ahsante sana mama. Na kukitoa bila kuharibu kibao?

Mama Stika:
Draya ya nywele, joto la wastani, vuta polepole ukiwa umelaza stika karibu na bati. Ukizidisha moto utang'oa karatasi ya kuakisi iliyo chini, na hiyo hairudi.

Fundi Rangi:
Hapo kwenye karatasi ya kuakisi pana jambo zito. Mwanga wa taa za gari hurudi kwa dereva kupitia hiyo karatasi. Vinili ya kawaida hairudishi kitu, hivyo usiku stika yako inakuwa shimo jeusi. Katika stika ya Clet, kile kikatuni cha mtu aliyebeba mstari mweupe wa alama ya "usiingie" ni kidogo. Duara jekundu na mstari vinabaki kusomeka, na stika zenyewe zinaweza kubanduliwa. Ukifunika mstari wote, dereva wa usiku haoni katazo. Alama za kusimama na za kupisha usiziguse kabisa zikiwa barabarani. Kwa maonyesho, tumia bati lililokwisha kuondolewa, na uchukue kibali cha maandishi kwa mwenye nalo.