Re: Mafunzo ya kiwandani South Carolina, na swali la mzee kuhusu Tanga

Shikamooni wakubwa. Mimi wa Makorora, Tanga, nimehamia Greenville, South Carolina, na mume wangu. Kwa sasa nafanya kibarua ghalani kupitia wakala. Kaka, uliwahi kusema viwanda vya huku humfundisha mtu kazi bila kumtoza. Nianzie wapi? La pili ni la baba, mstaafu wa bandarini: anauliza jimbo lililokuwa la pamba lilipataje kiwanda cha BMW, na mbona Tanga yenye bandari na reli vijana bado wanakimbilia Dar.

---

Marahaba mdogo wangu. Mzee mfikishie shikamoo yangu.

Kibarua usikiache kwanza. Nenda Greenville Technical College ukaulize kozi za matengenezo ya mitambo na uchomeleaji. Kama una green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, jaza FAFSA, fomu ya msaada wa masomo ya serikali kuu. Cheti chako cha VETA, vile vyuo vya ufundi stadi vya nyumbani, kifanyiwe tathmini, kisikae sandukuni. Kisha ulizia readySC, kitengo cha jimbo kinachoandaa wafanyakazi kwa ajili ya kampuni inayokuja au inayojitanua. Gharama hubebwa na jimbo. Ila mara nyingine hulipwi mpaka uajiriwe, kwa hiyo kodi ya nyumba iwe imeshapangiwa.

Sasa la mzee. Huku watu waliishi kwa viwanda vya nguo, na vilipoanza kufa miji mizima ilitikisika. Lakini tangu 1961, wakati wa gavana Hollings, jimbo lilikuwa limeanza kujenga vyuo vya ufundi. Michelin, watengeneza matairi, wakaja miaka ya sabini. BMW walitangaza kiwanda cha Spartanburg, jirani na Greenville, mwaka 1992, gari la kwanza likatoka 1994, na leo kiwanda kile kina wafanyakazi zaidi ya 11,000. Ndiyo, walipewa nafuu ya kodi, na kubwa. Lakini nafuu ya kodi kila jimbo hutoa. Naamini kilichowafanya wakae ni mafundi, na njia ya kufika bandari ya Charleston. Mwaka 2013 jimbo likafungua bandari kavu ya Greer, jirani na kiwanda, makontena yakawa yanashuka pwani kwa treni.

Kuna jambo nisingependa tuige: vyama vya wafanyakazi hapa ni dhaifu mno, na wanasiasa wanalinadi hilo kwa wawekezaji kama sifa. Mwajiri akaribishwe, lakini mfanyakazi naye awe na pa kusemea.

Tanga tunavyo vingi. Gati limechimbwa, meli kubwa zinafunga gatini badala ya kushusha mzigo kwa matishari. Bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, hapo hapo Tanga. Ila ajira nyingi za bomba ni za ujenzi, zinakwisha likishafukiwa. Mkonge ndio unaoniuma. Miaka ya sitini nchi ilivuna zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na mpaka leo nyuzi nyingi zinasafirishwa ghafi. Kamba, mazulia na magunia ndivyo vyenye ajira za kudumu, na vinahitaji fundi wa mashine kuliko vinavyohitaji hotuba. Ningekuwa na sauti, ningeomba VETA yetu ikae meza moja na bandari na wenye mashamba, wakubaliane wanataka mafundi gani mwakani.

---

Salaam kutoka Ngamiani, Tanga. Nina karakana ndogo ya mageti na madirisha, vijana wanne. Kaka kasema kweli kuhusu mafundi, lakini msisahau vibali. MKUMBI, mpango wa serikali wa kuboresha mazingira ya biashara, umefuta tozo nyingi, nashukuru, na kusajili jina la biashara siku hizi ni mtandaoni. Shida ni kwamba ofisi moja inadai karatasi ya ofisi nyingine, na ada unalipa kabla hujauza hata geti moja. Mwekezaji mkubwa anahudumiwa sehemu moja. Sisi tunaoajiri wanne wanne tupewe vivyo hivyo, na ada ianze mwaka wa pili.

Na mnaotaka kutusaidia, mashine moja ya kuchomelea yenye hali nzuri inanifaa kuliko fedha ya sikukuu. Ila muulizeni wakala wa forodha ushuru wake kabla hamjaipakia. Na umeme wa huko ni wa volti 120, hakikisheni inakubali 230.

---

Ahsanteni sana kaka zangu. Jumatatu naenda chuoni. Kaka wa Ngamiani, tuandikie aina ya mashine na ampea unazotaka, mume wangu ataanza kutafuta.