Uvuvi wa kwenye barafu: ninunue kamera ya chini ya maji au sona?

Kijana wa Mwanza
Habari zenu wakuu. Niko Minnesota, Marekani, na msimu huu nataka kununua kifaa kimoja tu cha kuangalia chini ya barafu. Mfuko unaruhusu kamera ya kawaida au sona (kifaa kinachotafuta samaki kwa sauti) ile ya duara yenye taa za rangi, si vyote viwili. Huwa tunakwenda ziwa Mille Lacs, mara mojamoja ziwa Upper Red Lake. Shabaha ni samaki aitwaye wolai (walleye). Wazoefu mnasemaje?

Mama Baraka
Karibu mwanangu. Kabla ya bei, tazama maji. Maziwa hayo mawili hayafanani kabisa. Mille Lacs maji ni maangavu, na kome milia (zebra mussels) waliogunduliwa humo mwaka 2005 wameyachuja zaidi. Pale kamera inaona vizuri. Upper Red Lake maji yamekolea kama chai ya rangi kwa sababu ya vinamasi vinavyolizunguka ziwa, hivyo utaona chambo chako na kidogo tu mbele yake. Usitegemee taa ya kamera ikuokoe. Taa nyeupe humulika chembe zinazoelea hadi skrini yote inakuwa ukungu, na ya infraredi maji huimeza upesi.

Fundi Kalume
Mimi nasema sona, bila kusita. Wolai ana macho ya kuonea gizani, ndiyo maana hula zaidi jioni na alfajiri. Barafu ikishafunikwa na theluji, saa hizo chini ni kiza, na kamera inakuacha wakati unapoihitaji. Sona inatumia sauti, haijali giza wala rangi ya maji. Pia inakuonyesha kina chote kwa mara moja, kuanzia sakafu ya ziwa hadi chini ya barafu. Kundi la samaki waitwao krapi (crappie) likielea mita mbili juu ya kamera yako, hutajua kama lipo.

Halafu kuna waya. Ukinasa samaki mkubwa, atazunguka, na mshipi utajisokota kwenye waya wa kamera ndani ya tundu lilelile la barafu unalovulia.

Mama Baraka
Kalume, hilo la waya lina dawa: toboa tundu la pili hatua moja pembeni, kamera itazame chambo kwa ubavu. Ukiwa na keekee la betri ni kazi ya muda mfupi.

Ila nikuulize, sona yako itakwambia ule mstari mwekundu unaoonyesha samaki ni wolai au ni samaki mwingine? Kwenye kamera namwona akija, anasimama, anakitazama chambo, anageuka na kuondoka. Hapo najua nimetikisa kupita kiasi, au chambo ni kikubwa mno. Nikikituliza, mara nyingi yule yule anarudi. Uvuvi wangu ulibadilika kwa kuyaona hayo. Na sakafu je? Wolai hupenda ukingo ambapo changarawe inakutana na tope. Sona hukupa dokezo la ugumu wa sakafu. Kamera inakuonyesha mawe, majani, hata kome wenyewe.

Deo
Msisahau betri. Skrini ya kamera inakula umeme kuliko sona ya duara, na baridi hupunguza nguvu ya betri yoyote. Ukiwa na ya lithiamu, usiichaji ikiwa bado iko chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, inaharibika. Iache ipate joto la nyumba kwanza.

Wanjiru M.
Na zile sona za picha ya moja kwa moja, kama LiveScope ya Garmin?

Fundi Kalume
Dada, bei yake ni ya ulimwengu mwingine. Kijana amesema mfuko wake. Kwa maziwa yake mawili na saa anazovua, achukue sona. Itafanya kazi kote kuwili.

Mama Baraka
Kwa kifaa kimoja, sawa, sibishi. Chukua sona. Lakini mkienda Mille Lacs mchana, niandikie faragha nikuazime kamera yangu, uishushe kwanza kabla hujachagua pa kukaa. Na msikanyage barafu mpya isipofika inchi 4, tena ile angavu na ngumu. Ile nyeupe yenye theluji ndani yake ni dhaifu, subirini iwe nene zaidi. Pimeni kila mnaposogea.