Tupeane uzoefu: uso kupooza upande mmoja

kisima_kirefu: Leo kwenye daladala nimekaa na binti aliyejiziba nusu ya uso kwa mtandio, abiria wanamkodolea macho. Nimekumbuka mbali. Yaliyowakuta haya, tupeane uzoefu.

DadaTanga: Mimi nilikuwa na mimba ya miezi minane. Asubuhi napiga mswaki, maji yanachuruzika pembeni ya mdomo. Kutazama kioo, jicho la kushoto halifumbi, nikicheka mdomo wote unakimbilia kulia. Mama mkwe akafukiza ubani, eti jini. Chai upande ule haina ladha ya sukari. Sufuria ikigongwa jikoni, sikio linauma. Kilichoniumiza zaidi ni mtoto alipozaliwa: namchekea, naye anatazama upande ule unaocheka tu.

mzee_wa_kahawa: Pole mwanangu. Hilo la sikio ni kweli tupu.

boda_usiku: Huo ni upepo, jamani. Sisi wa pikipiki tunaujua. Chua mafuta ya nazi ya moto, tafuna bazoka, kwisha habari.

nesi_zamu: Siyo upepo. Ni neva ya saba ya fahamu, inayoendesha misuli ya uso. Inatoka kwenye shina la ubongo, inapita kwenye mfereji mwembamba ndani ya mfupa wa sikio. Ikivimba humo haina pa kutanukia, inajibana yenyewe. Ikitokeza chini ya sikio inaingia kwenye tezi ya mate na kugawanyika matawi makubwa matano, kuanzia paji hadi shingoni. Hiyohiyo ndiyo inayoleta machozi, ladha ya theluthi mbili za mbele za ulimi, na kukaza kimsuli cha sikioni kinachopunguza kishindo. DadaTanga kaeleza neva nzima. Na bazoka haisaidii, kutafuna ni kazi ya neva ya tano.

boda_usiku: Mbona shemeji yangu alichuliwa akapona?

nesi_zamu: Wengi hupona hata bila dawa, ndiyo maana kila mchuaji ana ushuhuda. Ila prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe, ikianzwa ndani ya saa 72 inaongeza nafasi ya kupona kabisa. Na jicho lisiachwe wazi: matone mchana, usiku lipakwe dawa ya mafuta ya macho na kufungwa kwa plasta. Likikauka, kioo chake kinapata kidonda.

DadaTanga: Jicho, jicho, jicho! Hilo nalisisitiza.

mzee_wa_kahawa: Mdogo wangu mdomo ulipinda tukiwa barazani. Wote tukasema ni hilohilo, litapita. Lakini paji lake lilikunjika vizuri pande zote, na kikombe kikamponyoka mkononi. Kumwita, anajibu maneno yasiyoeleweka. Kilikuwa kiharusi. Tulimbeba kwenye bajaji, mkono wake wa kulia haujarudi mpaka leo.

kisima_kirefu: Dah. Pole sana mzee.

boda_usiku: Pole mzee wangu. Kwa hiyo paji ndilo linalotofautisha?

nesi_zamu: Ni dalili kubwa. Misuli ya paji hupata amri kutoka pande zote mbili za ubongo, kwa hiyo kiharusi mara nyingi huiacha. Lakini msijipimie nyumbani. Mdomo ukipinda ghafla, hospitali saa hiyohiyo.

mpishi_wa_pwani: Mimi mwaka wa pili sasa, kila nikicheka jicho linajifumba. Nalo linatibika?

nesi_zamu: Nyuzi za neva zimeota upya zikaingia njia zisizo zake. Muone mtaalamu wa fiziotherapia, tiba ya mazoezi: mazoezi ya polepole mbele ya kioo, usiukaze uso kwa nguvu. Sindano ya kulegeza misuli nayo ipo.

boda_usiku: Na mafuta ya nazi?

DadaTanga: Kaangie samaki, kaka.